Uzi wa Kijani Kwenye Kofia ya Bluu

GREGOR: Haloo? Nani mwenzangu?

SENGA: Nani mwenzako? Mimi ndiye niliyekuogesha kwenye beseni la vyombo, na leo unaniuliza ni nani.

GREGOR: Bibi. Namba siijui hii, ndiyo maana.

SENGA: Simu ya Ishbel, jirani wa chini. Yangu haina kitu, na salio la Ishbel ni la kuonja kama chumvi, kwa hiyo nisikilize.

GREGOR: Shikamoo basi.

SENGA: Marahaba. Uko wapi?

GREGOR: Kazini. Nimeegesha basi nje ya shule, nasubiri kengele ya saa tisa. Vipi, mguu umeamkaje?

SENGA: Mguu uko mahali pake. Uko peke yako humo?

GREGOR: Mimi na mvua. Mbona unaniuliza kama—

SENGA: Kitendawili.

GREGOR: Bibi, si saa hizi.

SENGA: Kitendawili.

GREGOR: [anashusha pumzi] Tega.

SENGA: Shahidi wangu hana mdomo, na anakaa kichwani.

GREGOR: Chawa.

SENGA: Chawa anao mdomo, ndiyo maana anauma. Jaribu tena.

GREGOR: Sijui. Nakupa mji, chukua Paisley.

SENGA: Nimekwenda Paisley, nimezunguka, nimelowa, nimerudi. Jibu ni kofia, Gregor. Ile niliyokufumia Krismasi. Leo asubuhi polisi alikuwa nayo jikoni kwangu, ndani ya picha.

[kimya]

SENGA: Haloo?

GREGOR: Nipo. Polisi gani?

SENGA: Binti mmoja, Konstebo Baptie. Ana adabu zake, kapangusa viatu mlangoni mara mbili. Nikampa chai na mkate wa viazi. Kamaliza kula ndipo akatoa simu yake. Picha ya kwenye treni, Jumamosi. Kofia ya bluu, kishada juu, na chini skafu imepandishwa hadi machoni. Sura hakuna. Akaniuliza, "Bibi Senga, naambiwa nusu ya mtaa huu wa Bridgeton inavaa sufu yako. Hii nayo ni ya mkono wako?"

GREGOR: Ukasemaje?

SENGA: Nikasema ni kazi nzuri.

GREGOR: Bibi, jamani—

SENGA: Ni nzuri. Ulitaka niutukane mkono wangu mwenyewe?

GREGOR: Ulimwambia ni yangu?

SENGA: Nilimwambia sioni vizuri mpaka nipate miwani yangu.

GREGOR: Hapo umecheza. Safi kabisa.

SENGA: Miwani ilikuwa puani kwangu, Gregor.

GREGOR: Akafanyaje?

SENGA: Akaitazama miwani. Akanitazama mimi. Akanywa chai yake. Kisha akasema hana haraka, atarudi saa tisa, labda nitakuwa nimeipata.

GREGOR: Saa tisa hii?

SENGA: Hii inayokuja. Ndiyo maana nimempora Ishbel simu.

GREGOR: Sawa. Sawa, tulia. Hilo soo dogo tu. Akirudi mwambie huijui hiyo kofia. Glasgow hii kila shabiki wa timu ya bluu ana kofia ya bluu. Watamkamata nani wamwache nani?

SENGA: Zenye uzi wa kijani zipo ngapi?

GREGOR: ...Uzi umeonekana?

SENGA: Umechomoza juu ya kishada kama jani la kitunguu.

GREGOR: Nilikwambia. Nilikwambia tangu ile Krismasi. Mtu na akili zake anamfumia mjukuu wake kofia ya bluu, mjukuu mwenyewe damu yake ni ya bluu, halafu kwenye kishada anakwenda kushindilia sufu ya kijani. Kijani, Bibi. Rangi ya wale wapinzani wetu.

SENGA: Ya bluu iliniishia. Ya kijani ilibaki kwenye ile foronya ya Ishbel. Nikasema ndani ya kishada nani atachungulia? Sufu ni sufu.

GREGOR: Kwetu sufu si sufu. Kuna mtu mtaani kwetu alihama benchi la bustani kwa sababu walilipaka kijani.

SENGA: Huyo alikuwa babu yako.

GREGOR: Umeona sasa. Nimeukata huo uzi sijui mara ngapi. Naukata leo, kesho umetoka tena.

SENGA: Kila ukiukata unalegea zaidi. Ungeniletea niufunge.

GREGOR: [mtandao unakwaruza] —sikia, Bibi, mambo yenyewe hayana miguu. Deek amenielewesha vizuri—

SENGA: Deek? Deek huyu huyu aliyejifungia chooni kwangu akaokolewa na zimamoto?

GREGOR: Kwenye sheria yuko vizuri, anasoma mtandaoni. Kwanza, ile sheria waliyotunga kwa ajili ya nyimbo za mpira, bunge lenyewe limeshaifuta. Zamani ukiimba tu unabebwa. Leo haipo. Sasa wananishika kwa lipi?

SENGA: Nilimuuliza yule binti hilo hilo, kwa mafumbo. Akanijibu bila mafumbo. Kasema ile ya mpira imefutwa, kweli, lakini zilizokuwepo kabla yake hazikwenda popote. Kumtisha mtu na kumtukana mbele za watu ni kosa, uwe uwanjani, uwe kwenye treni, uwe kwenye foleni ya samaki. Na ukifanya kwa kuichukia dini yake, kosa linaongezwa uzito, na linaandikwa hivyo hivyo mbele ya jina lako. Na hakimu akitaka anakufungia viwanja.

GREGOR: Chuki gani? Ule ni utani wa mpira. Wao wanatuimbia sisi Waprotestanti, sisi tunawaimbia wao Wakatoliki, mechi ikiisha kila mtu anakwenda kula chipsi zake. Tangu enzi za babu.

SENGA: Mwache babu yako alale. Huyo alipiga filimbi kwenye maandamano ya Waprotestanti ya Julai mpaka midomo ikaota sugu. Lakini wakifika mbele ya kanisa la Wakatoliki, watu wako ndani wanasali, filimbi zote zinashuka. Inabaki ngoma moja inahesabu hatua, mpaka wamelipita. Aliwachukia vizuri tu, sitakuficha. Na filimbi aliishusha.

GREGOR: Alichukia kwa adabu.

SENGA: Cheka. Na nyinyi kwenye treni mlishusha nini?

GREGOR: ...Bibi, dakika zinakwenda.

SENGA: Zinakwenda, ndiyo. Deek kasema nini kingine?

GREGOR: Hili ndilo kubwa. Sheria ya Uskoti haimtii mtu hatiani kwa shahidi mmoja. Lazima ushahidi utoke pande mbili. Upande mmoja peke yake ni upepo. Na hao polisi wanao mmoja tu, na huyo sura hakuiona, vinginevyo wasingekuja kwako na kipicha cha kofia. Wa pili wanayemtafuta ni wewe. Ukikaa kimya hawana kesi.

SENGA: Kwa hiyo nidanganye.

GREGOR: Usidanganye. Miwani tu.

SENGA: Mimi niliyekuchapa kwa biskuti moja, niseme miwani tu.

GREGOR: Bibi, nisikilize, nakuomba. Unajua niko nje ya shule gani? Unajua bikira nani yuko pale juu ya geti, amefungua mikono, anatazama basi langu kila siku? Nikiandikwa kosa la chuki ya dini, unadhani watanipa tena funguo za kubeba watoto wa Kikatoliki? Hata kama mahakama itanipiga faini ya kijinga, kazi imekwenda. Na hii kazi... hii kazi mimi naipenda.

SENGA: Najua.

GREGOR: Hujui. Jumatano ya Majivu walinivamia humu wakitaka kunipaka majivu yao ya paji la uso. Nikawaambia mimi siyo wa huko, wakasema basi tukupake usukani. Mpaka leo usukani una alama, sijaifuta.

SENGA: Mbona hujaniuliza shahidi wa kwanza ni nani?

GREGOR: Mkata tiketi. Au mmama fulani mwenye gubu.

SENGA: Ni baba wa mtu. Hakuwa ametoka mpirani. Alikuwa anarudi na mtoto wake kutoka kupima macho, wakapanda treni ya Jumamosi bila kujua mechi imeisha.

GREGOR: [mtandao unakwaruza] —sikusikii vizuri.

SENGA: Unanisikia. Uliwaona?

GREGOR: Treni ilijaa, Bibi. Watu kama dagaa.

SENGA: Kitendawili.

GREGOR: Bibi, basi—

SENGA: Behewa zima limeimba, hakuna aliyeimba.

GREGOR: ...

SENGA: Hukuitikia "tega", nami nimetega. Nipe jibu au nipe mji.

GREGOR: Sina mji.

SENGA: Uliwaona, Gregor?

GREGOR: Nilimwona... mmoja. Kofia nyekundu ya mvua.

SENGA: Mtoto.

GREGOR: Niamh. Anakaa kiti cha nyuma yangu. Ndiye aliyeugundua huo uzi, Bibi, kabla ya washkaji wote. Siku moja nasimama kwenye taa, nasikia kitu kinanivuta kichwani. "Gregor, kofia yako ina siri." Basi ikawa mchezo wake. Akipanda lazima auvute, akishuka lazima auvute. Mimi nakata huku, yeye anavuta kule, utapona wapi uzi.

SENGA: Na siku hiyo kwenye treni?

GREGOR: Alinipungia.

SENGA: Wewe umejifunika mpaka machoni.

GREGOR: Ule uzi. Aliniona kwa ule uzi. Alikuwa kule mwisho wa behewa, mkono wa babake mabegani, akanyanyua mkono wake namna hii, kama asubuhi zote.

SENGA: Ukafanyaje?

GREGOR: Tulikuwa katikati ya ubeti.

SENGA: Sikukuuliza mlikuwa wapi. Ukafanyaje?

GREGOR: Nikaumalizia.

SENGA: Mm.

GREGOR: Ningenyamaza wangeniuliza nina nini. Deek yuko hapa, kina Wullie wako hapa, wote wananitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyeuanzisha. Nikasema moyoni, mtoto haelewi maneno. Jumatatu hakupanda. Nikasema mafua. Jumanne, mafua. Leo Alhamisi bado nasema mafua.

SENGA: Analetwa na gari la babake.

GREGOR: Najua analetwa na gari la babake, Bibi. Naliona. Linaegesha mbele yangu.

SENGA: Basi sikia na lililobaki, maana salio la watu hili. Huyo baba hakuona sura. Alichukua picha ya kofia na akasikia maneno, basi. Aliyesema "ni Gregor wa basi" ni mtoto, wamefika nyumbani, anakula. Baba hataki mtoto ahojiwe. Kamwambia yule binti, tafuteni kwingine kwanza. Kwingine ndiyo huku kwangu.

GREGOR: Na wewe ukisema huijui?

SENGA: Watarudi kwa mtoto.

GREGOR: Wamwite mahakamani? Ana miaka minane.

SENGA: Hawamsimamishi mbele za watu. Kuna chumba, kina midoli na kamera. Lakini ataulizwa. Aliyeimba ni nani? Na aliimba nini?

GREGOR: Aliimba nini, vipi? Ayaseme?

SENGA: Sasa kosa lenyewe si maneno? Asipoyasema watajuaje yalikuwa ya aina gani? Atayarudia. Kama alivyoyasikia, kwa mdomo wake.

GREGOR: Hapana.

SENGA: Ndivyo ilivyo.

GREGOR: Hapana, Bibi, yule bado anasema "pajama" vibaya. Hawezi kwenda kusema... hawezi.

SENGA: Niimbie.

GREGOR: Nini?

SENGA: Huo ubeti. Niimbie mimi, nijue mtoto atakwenda kusema nini.

GREGOR: Unaujua. Umeusikia maisha yako yote.

SENGA: Nimeusikia kwa walevi na kwa behewa zima. Sijawahi kuusikia kwa mtu mmoja, mchana, hana bia tumboni, anamwimbia bibi yake. Si utani tu? Nichekeshe.

GREGOR: Bibi, tafadhali.

SENGA: Uliuanzisha bila kuombwa. Leo unaombwa.

GREGOR: [anakohoa] ...Na— [anasita] ...Siwezi.

SENGA: Si uko peke yako humo kwenye basi?

GREGOR: Kengele imelia. Wanatoka.

[sauti za watoto kwa mbali]

SENGA: Wamefika?

GREGOR: Wako getini. Mwalimu anawapanga. Bibi, yule pale. Kofia nyekundu. Babake anamfungulia mlango wa gari.

SENGA: Kakuona?

GREGOR: Ananitazama.

SENGA: Mpungie.

GREGOR: ...Nimempungia.

SENGA: Na yeye?

[kimya]

SENGA: Gregor. Na yeye?

GREGOR: Kaingia nyuma ya koti la babake.

SENGA: Ah, mwanangu.

GREGOR: Hajalia wala nini. Kaingia tu nyuma ya koti.

SENGA: [kengele ya mlango] Unaisikia hiyo? Yangu nayo imelia. Huyu binti ana saa kama padri. Nakuja, Konstebo, mguu mmoja huu hauna haraka. —Gregor, nikwambie ukweli wangu, nisije nikakuficha. Mimi kwa mtoto wa mtu siwezi kusema miwani. Nilitaka ulisikie kwangu kabla sijafungua mlango.

GREGOR: Miwani iko wapi?

SENGA: Mkononi.

GREGOR: Iache hapo hapo. Usiseme kitu.

SENGA: Umenisikia nilivyosema?

GREGOR: Nimekusikia. Usidanganye, na usiseme. Sitaki useme wewe. Sitaki kwenye karatasi yao wakuandike bibi yangu ndiye aliyenitaja, halafu Krismasi unifumie nini. —Ingieni taratibu, jamani. Conal, begi hilo litoe njiani. —Bibi, mpe chai.

SENGA: Halafu nimwambieje?

GREGOR: Mwambie shahidi wa pili anakuja mwenyewe. Ila ana watoto wa kuwashusha kwanza.

SENGA: Unajua Deek atakuitaje?

GREGOR: Ataniita kila kitu. Acha aniite.

SENGA: Na kesho hutaendesha.

GREGOR: Najua. —Mkanda, Sorcha, funga mkanda. Hapana, leo kofia haivutwi, kaa chini. —Bibi, lazima niondoke, nazuia njia.

SENGA: Kuna supu ya dengu. Uje na njaa.

GREGOR: Baptie atainywa yote.

SENGA: Nitamchotea kidogo. Nakuja, binti, nakuja. —Gregor, kofia uje umeivaa, usije umeifutika mfukoni kama mwizi.

GREGOR: Nimeivaa.

SENGA: Na huo uzi safari hii usiukate, uniletee mwenyewe niuf—

[salio limekwisha]